Katindo, Wakati Ilikuwa Mashamba

Ndugu musomaji, kama unaishi Rubaya, Walikale, Kalima ao Kamituga, labda siku moja utashuka Goma kwa ajili ya masomo ya mutoto, ao dawa, ao karatasi fulani yenye kupatikana katika ofisi za muji tu. Ukisema kwamba unakwenda Katindo, motari atakuuliza neno moja: "Gauche ao Droite?" Maana Katindo yetu imekuwa kubwa mpaka wameigawanya mara mbili. Atakupitisha mbele ya kuta za mawe meusi, milango ya chuma, butiki, mafundi wa matairi, kambi ya waaskari ambayo kila mutu wa Goma anaijua, halafu tena kuta za mawe meusi. Utaona bido za manjano zenye kupangwa mustari kwenye bomba ya maji. Nikikuambia kwamba pale pale, kati ya ile butiki na ule mulango wa chuma, nilifukuza ndege wasile mutama wa Tate, utacheka.

(Tate ni babu ao bibi kwa Kiswahili chetu cha Kivu. Ninyi wa Katanga munasema kambo. Huyu wangu alikuwa mama ya mama yangu.)

Nataka kukutembeza katika ile Katindo ya miaka ya 1980. Haikuwa paradiso. Tulikuwa na funza katika vidole, na kulikuwa miezi ya njaa ambapo chungu kilikuwa na viazi vitamu asubui na viazi vitamu mangaribi. Ninakutembeza kwa sababu kijiji kile kilijua jambo moja ambalo kartie ya leo imelisahau, na kusahau huku kumekwisha kuzika watoto.

Kwanza ujue ginsi inchi yetu ilivyo. Upande wa kaskazini kuna Nyiragongo, mulima wa moto wenye urefu wa metre 3470. Upande wa kusini kuna ziwa Kivu, ambalo liko kwenye metre 1460. Goma imekaa katikati, juu ya mawe ambayo mulima ule umeyatapika tangu zamani za wazee wa wazee. Inchi hii ilikuwa ya Bakumu, na utawala wao wa kimila, Bukumu, ungali katika teritware ya Nyiragongo. Muji wenyewe ulianza kama posti ndogo ya Wabeleji mwanzoni mwa karne ya 20, ukitazamana na posti ya Wajeremani ya Gisenyi. Kwa muda murefu ulibaki muji mudogo, wenye kushikamana na ziwa. Wakati nilizaliwa, mwaka 1980, Katindo ilikuwa pembeni. Kulikuwa na nyumba, ndiyo, lakini kati ya nyumba na nyumba kulikuwa mashamba, na watu wa kwetu walisema "ninakwenda muji" walipokwenda sokoni.

Wewe mwenye kulima katika udongo mwekundu wa Maniema hutafahamu mara moja shamba letu lilikuwa namna gani. Kwetu udongo haukai kama blanketi juu ya inchi. Unakaa kwa mifuko mifuko, kati ya jiwe na jiwe. Mahali jiwe limekwisha kuzeeka na kuvunjika, udongo ni mweusi na wenye mafuta, na maharagi yanapanda juu ya fito kama yanafukuzwa. Hatua mbili mbele, jembe linalia ngaa! juu ya mwamba. Basi Tate alijua kila mufuko wa udongo katika shamba lake ginsi mutu anavyojua meno yake. Huu ni wa maharagi. Huu, wenye shimo refu, ni wa mugomba, kwa sababu majani yakianguka yanaoza pale pale na maji hayakimbii. Huu mudogo ni wa matembele. Na mahali udongo ulikosa kabisa, alipachukulia mahali pengine kwa kitunga kichwani na kuujaza katika shimo. Nimemwona akifanya vile, mwanamuke mwenye mugongo wa kupinda, akibeba udongo kama wengine wanavyobeba unga.

Mawe tuliyoyatoa tuliyapanga kuwa kuta ndogo za kugawanya mashamba. Hakuna aliyetia simenti. Jiwe la volkano lina meno. Ukilipanga vizuri linashika jirani yake na halianguki. Lina meno kwa miguu pia. Linakata sawa chupa. Mutoto mwenye kambambili alikuwa tajiri kati yetu, na kambambili zenyewe zilidumu miezi 2.

Halafu kulikuwa shida ya maji. Mvua inanyesha kwa nguvu Goma, lakini huwezi kuona muto hata mumoja katikati ya muji, maana mawe yanakunywa maji yote. Tate alifunga ganda la mugomba kwenye ukingo wa nyumba na kuliongoza mpaka kwenye chungu. Siku maji ya mvua yalikwisha, sisi watoto tulishuka mpaka ziwani, upande wa Himbi, kila mutu na bido yake. Kushuka kulikuwa muchezo. Kupanda kulikuwa kilio. Siku ya posho tulishuka wote na nguo za kufua, tukazianika juu ya mawe, tukaoga mpaka midomo ilibadilika rangi. Kule chini tulinunua sambaza kwa wavuvi wenye kurudi asubui na mitumbwi 3 yenye kufungwa pamoja. Unajua kwamba sambaza ni wageni katika ziwa letu? Waliletwa kutoka Tanganyika, mwaka 1959. Tate alizoea kusema kwamba wakati alikuwa msichana hakuna mutu aliyekula kitu kile, na leo mutu wa Goma akikosa sambaza anafikiri ameonewa.

Usiku tulitazama kaskazini. Wazee walitusimulia habari ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 1977, wakati mulima ulipasuka ubavuni na moto wote wa ndani ukatoka kwa muda usiofika saa moja. Ulikimbia kama maji, si kama uji, na watu waliokuwa katika mashamba ya upande wa juu hawakupata nafasi ya kukimbia. Ulisimama mbele kidogo ya uwanja wa ndege. Kwa sababu hii kila mutoto wa kwetu alifundishwa njia ya kukimbilia mbele hajafundishwa kuhesabu. Na sikuona uwekundu ule wa mbinguni, ambao mama yangu alinisimulia, mpaka nilipokuwa kijana wa miaka 14, katikati ya mwaka 1994.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Kutembea na Tate kulikuwa masomo, ijapokuwa hakuna mutu aliyekuita masomo. Kila mahali palikuwa na jina na amri yake. Kulikuwa ufa mumoja katika mwamba ambao asubui ya baridi ulitoa mvuke kama pua ya ng'ombe. Pale hatukuruhusiwa kuweka mukono ndani. Kulikuwa jiwe pana la kuanikia mutama. Kulikuwa mahali ambapo panalia kama ngoma ukipiga muguu, maana chini kuna pango. Pale hakuna aliyejenga, hata kibanda cha kuku.

Lakini Tate alikuwa na shamba la pili, mbali zaidi, upande wa magaribi, kule ambako leo kunaitwa Keshero na kuendelea mpaka Lac Vert. Tulikwenda kule mara 2 kwa juma na kurudi na mizigo. Njiani kulikuwa bonde dogo, kama bakuli, lenye majani mazuri na kivuli. Siku ya kwanza nilipochoka nilitaka kushuka pale nipumzike. Tate alinivuta sikio.

"Weye mutoto, pale hapalalake mutu."

"Juu ya nini, Tate?"

"Mazuku."

Alinionyesha. Chini ya bakuli lile kulikuwa panya mumoja aliyekufa, ndege 2, na vipepeo wengi. Hawakuwa na kidonda. Walilala tu. Watoto wa kijiji walipaita Shimo la Mbuzi, kwa sababu zamani mutu fulani alimfunga mbuzi wake pale mangaribi na kumukuta asubui amekauka. Amri za Tate juu ya mahali kama pale zilikuwa chache, na ninazishika hata leo: usishuke asubui mapema, usishuke usiku, usishuke siku isiyo na upepo. Jua likipanda na upepo ukivuma, unaweza kupita, lakini usiiname na usikae. Kama una mashaka, washa majani makavu na kuyashusha pole pole kwa fimbo. Moto ukizimika bila kupulizwa, rudi.

Wataalamu wa volkano wa inchi nyingi leo wanatumia neno lilelile, mazuku, katika vitabu vyao, kama lilivyotoka katika vinywa vya wakulima wetu. Nao wanaeleza hivi: chini ya inchi yetu munatoka hewa ya gazi karboniki, ile yenye kuwa ndani ya povu ya limonadi. Ni nzito kupita hewa tunayopumua. Basi inashuka na kujaa katika mabonde na mashimo kama maji yanavyojaa katika beseni. Haina rangi, na mutu hasikii harufu. Upepo na joto la muchana vinaitawanya. Usiku na alfajiri inajikusanya. Mutu mwenye kusimama anaweza kubaki muzima wakati mutoto mwenye kulala karibu naye anakufa, kwa sababu kichwa cha mumoja kiko juu na cha mwengine kiko chini. Tate hakujua neno karboniki. Lakini angalia amri zake kwa mbele ya maelezo haya, uniambie ni wapi alikosea.

Namna gani kijiji kilikwisha? Hakikuungua, wala hakikufukuzwa na waaskari. Kilikwisha kwa mita.

Sheria ya tarehe 20 ya mwezi wa 7, 1973, ilikwisha kusema kwamba udongo wote ni wa Serikali, na wale wenye mashamba ya kimila hawakuwa na karatasi. Jambo hilo halikutuumiza wakati muji ulikuwa mudogo. Mwaka 1988 jimbo la Kivu liligawanywa kuwa majimbo 3, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na Goma ikafanywa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Mara moja wakubwa wa kazi walihitaji nyumba, na wadogo wao pia. Nilikuwa na miaka kama 9 wakati jeometre alipita katika mutama wetu na kamba ndefu, kijana mumoja nyuma yake akitia rangi nyekundu juu ya mawe. Tulimfuata kwa furaha, tukifikiri ni muchezo. Tate alikaa kwenye mulango na hakusema neno.

Baadaye mambo yalikuja haraka haraka. Vita vya Masisi mwaka 1993 vilileta watu. Katikati ya mwezi wa 7 wa 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa siku chache tu, hesabu yao karibu milioni, na kolera ikaua makumi ya maelfu kati yao. Nyuma yao yalikuja mashirika ya misaada, na mashirika yalitaka nyumba zenye vyumba vingi na lupango kubwa ya magari. Bei ya parseli ilipanda. Vita vya 1996 na vya 1998 vikasukuma wengine kutoka vijijini. Wale kati yenu wenye kufanya kazi ya koltani mutakumbuka mwisho wa mwaka 2000, wakati bei iliruka ginsi haijapata kuruka, na ginsi ilivyoanguka mwaka uliofuata. Wachimbaji wengi walibaki na jembe lao na deni. Sehemu ya feza ile ilisimama hapa, ikawa nyumba za orofa kule Himbi na hapa Katindo. Mutoto wako mwenye kuchimba Masisi akifika Katindo na kuona balkoni yenye nguzo nyeupe, anaweza kuuliza kama hakuna jiwe lake ndani.

Na tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilifunguka tena. Moto ulipita katikati ya muji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Katindo haikuguswa. Kwa hiyo kila mutu aliyepoteza lupango yake alitazama upande wetu, na zaidi ya kwetu, magaribi: Keshero, Ndosho, Lac Vert, Mugunga.

Sipendi wale wenye kusimulia habari hii kana kwamba tulinyanganywa tu. Wako walionyanganywa, ni kweli, na wengine walilipwa mara moja kwa shamba ambalo komisioneri aliliuza mara 3. Lakini sisi wenyewe tuliuza. Wajomba zangu waliuza mufuko wa maharagi ili kulipa operesheni, wakauza wa migomba ili kulipa minervali ya shule, wakauza jiwe la kuanikia mutama kwa mutu aliyelipasua kuwa musingi wa nyumba. Mimi nilisoma kwa feza ya migomba. Na muji umetuletea mema ambayo Tate hakuyapata: mukunga karibu, shule za kutembea kwa miguu, Chuo Kikuu cha ULPGL ambacho Waprotestanti walikifungua mwaka 1985 na ambacho kiko Himbi, maji ya bomba siku yanapotoka. Kitabu cha Mezali kinakataza, mara moja katika sura ya 22 na tena katika sura ya 23, kusogeza alama za mipaka za zamani. Nimesikia wahubiri wakitumia maneno yale juu ya wenye kuiba parseli, na wanafanya vizuri. Lakini kuna alama nyingine ambazo hazikuandikwa juu ya jiwe lolote, na hizo ziliondoka bila mutu kuziiba.

Maana mwenye kuuza shamba alitoa udongo na mipaka. Hakutoa majina. Nani angesimama mbele ya notable na mashahidi, feza imekwisha kuhesabiwa, na kusema, "Bwana, ile kona ya chini ni Shimo la Mbuzi"? Bei ingeanguka. Na mununuzi wa pili hakumujua muuzaji wa kwanza. Na wa tatu alitoka Bukavu ao Kisangani. Watoto wa wazee walikwenda kutafuta kazi. Kwa miaka 20 bakuli lile lenye majani mazuri likawa parseli ya bei nafuu, yenye kujificha upepo, nzuri kwa mutu asiye na mali nyingi.

Nilikuwa muchungaji kijana wakati waliniita katika nyumba moja ya upande ule. Sitataja mahali wala watu. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, safi, imejengwa katika shimo kiasi kwamba paa lake lilikuwa sawa na barabara. Mutoto mumoja wa miaka 4 hakuamuka. Alilala juu ya mukeka, chini. Wazazi walilala juu ya kitanda, wakaamuka na kichwa chenye kuuma. Kulikuwa kilio, na nje ya lupango kulikuwa jambo lingine: vijana walikwisha kumushika mujane muzee, jirani, aliyesemezana vibaya na mama wa mutoto juma lililopita. Walikuwa na fimbo. Walisema yeye ndiye "aliyekula" mutoto.

Ilikuwa saa 12 na nusu ya asubui, hakuna upepo. Niliwaomba vijana wawili, wale wenye sauti kubwa zaidi, waingie na mimi. Nilifunga kipande cha gazeti kwenye fimbo ndefu, nikakiwasha mulangoni. Kwa kimo cha kifua kiliwaka vizuri. Nikakishusha mahali pa mukeka. Mbele hakijafika chini, moto ulizimika, kama mutu ameufinya kwa vidole. Niliwasha tena, nikampa kijana fimbo ashushe mwenyewe. Ukazimika tena. Tulitoka mbio. Hatukuhubiri. Yule kijana aliiweka fimbo yake chini, na wanawake wakamupeleka mujane nyumbani.

Ulimwengu wa watu wenye kusema uchawi ni mukubwa, musomaji, hata ndani ya makanisa yetu, na ninajua gazeti hili linasomwa katika vijiji ambako mambo kama haya yanamalizika kwa moto. Kama katika inchi ya mawe ya volkano watoto ao wanyama wanakufa usingizini, mahali pamoja, mara kwa mara, asubui, uangalie kwanza kimo cha sakafu.

Watu wa Observatware ya Volkano ya Goma, tunaowaita OVG, walisimamisha vibao kwenye mazuku wanayoyajua, kuonya watu wasikaribie. Ni kazi njema sana. Lakini kibao kinaibiwa, mbao zake zinakuwa kuni, na mazuku ni mingi kupita vibao. Kwa miaka mingi, mpaka mwanzo wa 2025, maelfu ya waliokimbia vita waliishi katika hema kule Bulengo na kando kando yake, na hema inalaza mutu chini kabisa. Wakati Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 ya mwezi wa 5, 2021, wako watu waliookoka kwa moto halafu wakafa kwa gazi, kwa kuvuka juu ya mawe mapya mapema mno. Siku chache nyuma yake, wakati Serikali iliamuru kartie 10 za muji zihame, nilisimama kando ya barabara ya Sake na kuona muji muzima ukipita na magodoro kichwani. Wengi waliuliza: tulale wapi? Hakuna aliyeuliza: tusilale wapi?

Unaweza kusema, muchungaji, mambo haya ni ya Goma, sisi hatuna volkano. Ni kweli. Lakini ninyi wa Kolwezi munajua Kasulo. Ilikuwa kartie ya watu, nyumba na malupango. Mwaka 2014 habari ilitoka kwamba kuna kobalti chini yake, na wakaaji wakaanza kuchimba ndani ya lupango, hata chini ya sakafu ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu moja ikazungushwa ukuta na wenyeji wakahamishwa. Siku moja wengine watajenga juu ya mashimo yale, kwa sababu mutu anajenga popote. Nani atawaambia shimo la nani lilikwenda mpaka chini ya mulango wa nani? Katika Kamituga dahabu imechimbwa tangu wakati wa Wabeleji. Kama wako wazee waliofanya kazi katika matundu, wanakumbuka njia za chini kwa chini ambazo ninyi vijana munatembea juu yake. Wale wazee wako katika kanisa lenu. Wanakaa kwenye benchi ya mbele kwa sababu hawasikii vizuri.

Sisi hapa tulifanya hivi. Vijana wa kikundi chetu walikuwa wanakutana siku ya posho kwa mazoezi ya kwaya. Baada ya yale mambo ya 2021 niliwaomba watoe posho moja kwa mwezi. Tulikwenda kwa wazee wanaobaki wa Katindo na wa Himbi, wale waliolima hapa mbele ya jeometre kufika. Tunawachukua juu ya moto, pole pole, na tunawauliza kila mahali: hapa paliitwaje? Kulikuwa na amri gani? Muzee mumoja mwenye miaka zaidi ya 80 alisimama mbele ya garaji kubwa, akafikiri muda murefu, halafu akasema, "Hapa tuliogopa kufunga ng'ombe." Mwenye garaji alicheka. Mulinzi wake, mwenye kulala pale usiku chini ya gari, hakucheka. Alitufuata mpaka barabarani akauliza maulizo 10.

Mwanzoni vijana walifanya uvivu, na mmoja alisema wazi kwamba habari za mashamba ni za wakulima. Sasa wao ndio wanagombania kushika kalamu. Wanaandika katika daftari ya shule ya kurasa 100: jina la zamani, aveni ya leo, alama ya kujulisha (muti, kona, mulingoti wa umeme), na neno la muzee kama alivyolisema, bila kulirekebisha. Mahali tunapoona hatari tunapeleka habari kwa shefu wa kartie na kwa wakaaji wenyewe, nyumba kwa nyumba. Wengine wanatufungulia. Wengine wanafikiri tunataka kushusha bei ya parseli yao. Familia mbili zimeinua vitanda vya watoto na kutoboa mashimo ya hewa chini ya ukuta, na familia moja imehama.

Mwanzo wa 2025, wakati vita viliingia muji wenyewe na M23 ikauchukua, kazi ilisimama miezi mingi, na wazee wawili kati ya wale wa daftari wamekwisha kulala. Daftari iko. Msichana mumoja aliikimbia nayo ndani ya kitenge pamoja na mutoto wa dada yake. Tumeandika sehemu kubwa ya Katindo, pande zote mbili, na nusu ya Himbi. Upande wa Keshero haujaguswa. Yule muzee wa garaji angali muzima. Ameniambia tuje kumuchukua mbele mvua ya mwezi wa 9 haijaanza, kwa sababu magoti yake hayapendi matope, na tuje na mutu mwenye kuandika haraka.